Tangi la Paneli Uani mwa Msikiti: Makosa Tuliyoyakuta na Namna Tulivyoyaepuka

Kamati ya msikiti wetu, ulioko ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, iliponikabidhi kazi ya kusimamia tangi jipya la maji ya udhu, tangi la zamani lilikuwa bado limesimama uani, likivuja katika pembe tatu baada ya miaka michache tu ya kutumika. Kabla ya kununuliwa chochote niliomba jambo moja: tulifungue lile la zamani paneli kwa paneli, yaani vile vipande bapa vilivyounganishwa kwa bolti kulifanya tangi, mimi na fundi, tuone lilikoharibikia. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa skuli ya sekondari, si fundi bomba, na fedha zilikuwa za waqfu, kwa hiyo sikuwa tayari kubahatisha.

Tangi la kuunganisha kwa paneli halikuwa anasa kwetu. Chombo kikubwa kabisa kinachofika mlangoni petu ni mkokoteni wa hamali, na tangi zima la ukubwa tunaouhitaji lisingepita hata kona ya kwanza. Baadhi ya wazee walipendekeza liwekwe juu ya paa ili maji yateremke kwa nguvu. Niliwaeleza kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo kila mita moja ya ujazo ni tani nzima, na dari yetu, kama dari nyingi za nyumba za mawe na chokaa, imebebwa na boriti za mikoko. Hoja hiyo ilikwisha siku ile ile, na baada ya kupata ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe tukarudi uani.

Kulifungua tangi la zamani kulinifunza mengi. Lilikuwa limelazwa juu ya sakafu iliyosawazishwa kwa vipande vya mawe, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuona chini yake linapodondosha. Lilikuwa limesogezwa karibu na ukuta kiasi kwamba mkono wenye spana haukupenya, maana yake tangu siku lilipofungwa hakuna aliyeweza kukaza nati za upande ule. Bolti za ndani zilikuwa za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, na maji ya kisima chetu yana chumvichumvi; nilipozigusa baadhi yake, vichwa vilimeguka vidoleni kama udongo mkavu. Paneli zenyewe, za faiba, zilikuwa bado nzima. Kilichoharibika ni kila kitu kilichozishikilia.

Uani petu pana mita 4.3 kila upande. Wapo waliotaka tangi la mita 4 kwa 3, wakihesabu lita tu. Lingeingia, lakini lingebakiza sentimita 15 kutoka ukutani pande mbili, na tungekuwa tumerudia kosa lile lile. Tukachagua mita 3 kwa 3 kwa kimo cha mita 2, likabakiza sentimita 65 kila upande, nafasi ya mtu kupita na kufanya kazi. Hapa naomba msomaji azingatie hesabu: tangi kama hilo huuzwa kwa jina la lita 18,000, lakini maji hayafiki kwenye kifuniko. Kwetu boya hufunga maji yakiwa sentimita 20 chini ya ukingo, kwa hiyo tunachopata kweli ni lita 16,200. Anayepanga mahitaji yake kwa kutazama ile namba ya kwanza atapungukiwa kila siku.

Kazi iliyonichukulia muda mwingi kuliko zote ilikuwa ya msingi, na naamini ndiyo iliyolinusuru tangi. Tulijenga kuta fupi nne za zege lenye nondo, zenye kimo cha nusu mita, zikiwa umbali wa mita moja moja kufuata mistari ya viungo kama kitabu cha mtengenezaji kilivyochora, na juu yake fremu ya chuma. Kimo hicho kinamwezesha mtu kujipenyeza chini kwa mgongo akiwa na tochi. Kitabu kilitaka tofauti ya usawa isizidi milimita 2 kwa kila mita. Fundi alipima kwa pimamaji fupi, akaridhika. Mimi nilileta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, tukaujaza maji, tukaushika ncha huku na huku, kwa kuwa maji husimama usawa mmoja katika ncha zote mbili, na ukuta wa tatu ukaonekana umelala milimita 9 upande wa kibla.

"Maalim, hapo tutatia vipande vya mbao tu, uzito wa maji utapakalisha," aliniambia fundi, na alisema kwa nia njema.

"Fundi, mbao itaoza na tangi litabaki. Tupige lipu upya," nilimjibu.

Msingi ukiwa umepinda, paneli nazo hupinda, matundu ya bolti hayakutani, na hapo ndipo watu huanza kulazimisha kwa mtarimbo na kuzipasua pembe. Tulipiga lipu, tukafunika kwa magunia ya maji, tukasubiri siku 28 ambazo zege huhitaji ili lifikie nguvu lililokusudiwa. Ramadhani ilikuwa inakaribia na lawama zilikuwa nyingi, lakini Sheikh wetu alisimama nami, Mwenyezi Mungu amjaze kheri.

Paneli zote huonekana sawa kwa macho, ilhali hazilingani. Tangi la kimo cha mita 2 likijaa hadi juu, paneli ya safu ya chini yenye mita moja ya mraba husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja na nusu, na ya safu ya juu kwa nusu tani tu. Ndiyo sababu za chini ni nene zaidi. Nilizigawa uani kwa chaki kabla ya kazi kuanza, na vyuma vya ndani vinavyovuta ubavu huu kwa ule nilivihesabu mwenyewe, kwa sababu bila hivyo kuta hutuna. Bolti za ndani safari hii zilikuwa za chuma cha pua.

Katika kukaza, tulizishika bolti zote kwa wepesi kwanza, kisha tukazikaza kwa zamu kuanzia katikati ya kila ubavu kuelekea pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu. Kijana mmoja alichomeka bomba kwenye mpini wa spana nyingine ili apate nguvu zaidi; nilimsimamisha, kwa kuwa kukaza kupita kiasi hukamua ukanda wa mpira kwenye kiungo na hata kuipasua faiba.

Mabomba tuliyaegemeza kwenye vishikizo vyake ili yasiningʼinie kwenye paneli. Bomba la kumwaga ziada ni nene kuliko la kuingizia, na mdomo wake una wavu wa kuzuia mbu.

Tulijaza nusu mita kwa nusu mita. Maji yalipofika mita moja, pembe moja ilianza kudondosha. Fundi alinyoosha mkono kwenye spana, nami nikamwomba tuyatoe maji na tufungue kiungo. Ndani ya ukanda wa mpira tulikuta punje ya chokaa, ndogo kama mtama, iliyodondoka kutoka ukuta wa zamani. Tulisafisha, tukabadilisha ukanda, tukajaza tena na kuliacha limejaa kwa saa 24, kila kiungo kikiwa kikavu. Kisha tulichanganya kilo moja na robo ya klorini ya unga ya asilimia 65 ndani ya ndoo ya maji, tukamimina, na baadaye tukayamwaga maji yote na kusuuza kabla mtu yeyote hajatia udhu.

Baada ya mwezi mmoja nilijipenyeza chini kwa tochi, nikakaza nati mbili zilizolegea. Bolti za akiba, kipande cha ukanda wa mpira na kitabu cha mtengenezaji vimo katika kabati la msikiti, na ufunguo anao muadhini.