Walionishauri niandike kama mwanaume walinipotezea muda

Mshauri wangu wa kwanza wa uandishi alikuwa mwalimu mstaafu hapa Mafinga, mwenye kabati zima la riwaya. "Binti, ukitaka kusomwa, andika kama mwanaume," aliniambia. "Weka mpelelezi, weka bastola, weka Dar es Salaam. Mambo ya jikoni hayana msomaji." Jina langu la kwanza nalo nilifiche, nibaki na herufi na ukoo tu.

Nilimheshimu, nikajaza madaftari. Mpelelezi wangu alikimbiza gari usiku kule Oysterbay, mahali nisipopajua hata mchana. Kiswahili kilinyooka, ila kila nikisoma namsikia mwalimu.

Kilichonikera hasa ni siku aliposema wanawake hawana asili ya kuandika. Mwana Kupona alimwandikia binti yake utendi mwaka 1858 na mpaka leo unasomwa! Penina Muhando ameandika tamthilia kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970. Na wa karibu kabisa nasi, Martha Mvungi, mtu wa Njombe, alichapisha mwaka 1975 hadithi zilizotokana na masimulizi ya Wahehe na Wabena. Aliandika kwa Kiingereza, sawa, lakini watu wanaosemwa mle ni wa nyanda zetu hizi. Katika kabati lile lote hakukuwa na kitabu cha hata mmoja wao.

Nikamwacha mpelelezi, nikaanza hadithi ya mjane ambaye shemeji zake wanataka shamba la mipaini aliloacha marehemu. Huku Mufindi hilo halihitaji kutungwa sana. Sauti yake niliitoa msibani. Wanaume wakiwa nje wanaota moto, sisi tuko ndani kwenye mikeka, na mle ndani hakuna anayesimulia kwa kufuata mstari. Mtu anaanza na uji aliokataa marehemu, anarukia mahari ya mwaka ule, mwenzake anamkatiza, "Ngoja, haikuwa hivyo." Mjane wangu nikamwacha aseme namna hiyo, aruke na akatizwe. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi, anaitaja katikati ya habari ya kuni.

Sasa nitajuaje kama sauti imekaa? Hapa ndipo ninapojivunia. Msimu wa kupukuchua mahindi majirani hukusanyika uani kwangu, baridi ya Julai ikiwa imetubana. Nikatoa karatasi nikasema nimeletewa hadithi, niwasomee kazi iende. Sikusema ni ya nani. Nilikuwa na penseli, na macho yangu yalikuwa kwenye mikono yao. Nilianza na mpelelezi. Mikono ilikwenda vizuri mno, punje zinamwagika tu, mmoja akauliza bei ya chumvi dukani. Nikabadilisha karatasi kimyakimya, nikaingia kwa mjane. Alipofika pale anapotoka usiku na tochi kuhesabu miti yake kwa kuigusa, mikono ikasimama. Gunzi la jirani yangu lilibaki hewani! Nikaweka alama. Kila mikono iliposimama niliweka alama, na kila mtu alipoinuka kwenda kuchungulia chungu niliweka msalaba.

Mama mmoja mtu mzima alinikatisha: "Huyo aliyeandika ni wa huku, tena ni mwanamke. Ila amekosea hapo. Mkwe akiingia, mjane hawezi kumjibu amesimama hivyo." Nilirekebisha usiku uleule. Kwenye misalaba nikakuta maneno ya mwalimu: jua kuzama kwa madaha, mwezi kutabasamu. Nilifuta yote. Tafuta wasikilizaji wenye kazi mkononi. Aliyekaa bure atakusifu kwa adabu.

Kuna jambo nililoliona gumu kuliko kuandika. Mwanamke akiandika "mimi", watu hufungua kitabu kutafuta kitanda chake. Shemeji yangu alikuja na kurasa amezikunja mfukoni: "Shemeji, unatuanika." Nikamuuliza, "Kaka yako si huyo anakula? Mjane ni nani hapa?" Mume wangu ni mtu wa mbao; alisoma yote, akanisahihisha namna wanunuzi wanavyopanga bei ya mti uliosimama. Usigeuze "mimi" kuwa "yeye" kwa kuogopa ndugu. Nilijaribu ukurasa mmoja, mjane akapoa kabisa.

Kijana wa kuchapa alitaka kuwasafishia wanawake wangu Kiswahili, nikakaa ubavuni pake mpaka ukurasa wa mwisho. Kuchapa, kutoa kopi na kubana vilikula kama laki mbili na ushee, fedha ya maharage. Vijitabu vilitembea kwa akina mama wa kwaya, sokoni, na stendi kwa wanaosubiri magari ya Makambako. Kwenye jalada jina langu liko lote, la kwanza, la baba na la ukoo, kwa herufi kubwa. Mwalimu alituma mjukuu wake kununua. Baada ya wiki akaja mwenyewe, akataka kingine cha dada yake aliye Njombe, ambaye ni mjane.