Umri kwa Mafungu: Jumamosi Moja Mwaloni

Nilipokuwa darasa la saba, mwishoni mwa miaka ya tisini, hesabu zilizotutoa jasho kuliko zote hazikuwa za riba wala za eneo, bali za umri. Zilijaa akina baba na watoto wao ambao miaka yao haikutajwa ila kwa uwiano, kana kwamba kusema umri wa mtu waziwazi ni utovu wa adabu. Ijumaa moja mwalimu wetu wa Hisabati alituandikia ubaoni ya kwenda nayo nyumbani: umri wa baba na wa mwanawe sasa uko katika uwiano wa 7:3, baada ya miaka 12 uwiano huo utakuwa 5:3, tafuta umri wa kila mmoja.

Kesho yake nilikuwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, nikimsaidia mjomba wangu, aliyenunua dagaa waliokuja kwa boti kutoka visiwani na kuwafungasha katika magunia. Mjomba aliishia darasa la nne, lakini sikumjua mtu pale sokoni aliyethubutu kumpunja. Makuli walipokuwa wakipakia lori, nilikaa juu ya gunia nikafungua daftari, naye akataka nimsomee swali. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo darasani halikuwa limeulizwa.

“Mjomba, hao wawili wamepishana miaka mingapi?”

“Haikutajwa, mjomba.”

“Sawa, haikutajwa. Baada ya hiyo miaka kumi na miwili watapishana zaidi au pungufu?”

Nilimjibu kwamba watapishana vilevile, kwa kuwa mwaka ukipita unawapitia wote wawili.

“Basi shika hapo hapo.”

Aliokota kipande cha mkaa, akachora juu ya kipande cha boksi vistari saba vya baba na chini yake vitatu vya mtoto; baba alizidi kwa mafungu manne. Pembeni akachora vitano na vitatu, ambapo baba alizidi kwa mafungu mawili tu. Kwa kuwa tofauti ya miaka ni ileile, alisema, mafungu ya upande wa pili lazima yawe makubwa maradufu, kwa hiyo akakata kila kistari katikati, na 5:3 ikawa 10:6. Sasa tofauti ilikuwa nne pande zote mbili. Baba alikuwa ametoka 7 kwenda 10, mtoto ametoka 3 kwenda 6, yaani kila mmoja ameongeza mafungu matatu, na mafungu hayo matatu ndiyo miaka 12. Fungu moja ni miaka 4. Baba ana 28 na mwanawe 12.

“Huyu aliitwa baba akiwa na miaka kumi na sita,” mjomba alisema, akionekana kumlaumu mtunzi wa swali kuliko huyo baba.

Nilitaka kuhakikisha kwa njia ya shuleni. Nikaandika umri wa baba 7x na wa mtoto 3x, nikajumlisha 12 kila upande, kisha nikazidisha kwa kukingamanisha: 3(7x + 12) = 5(3x + 12), yaani 21x + 36 = 15x + 60, hivyo 6x = 24 na x = 4. Ile x ya mwalimu ilikuwa ndiyo fungu la mjomba. Mpaka leo naona wanafunzi wangeanza na vile vistari wasingeihofu sana aljebra, maana wengi huandika x bila kujua inasimama badala ya nini.

Mjomba hakuridhika na jibu moja. Aliniuliza ni lini umri wa baba huyo utakuwa mara tatu ya ule wa mwanawe. Niliandika 28 + t = 3(12 + t), nikapata 2t = −8, t = −4, nikabaki nimeikodolea macho ile alama ya kutoa. Yeye alikuwa ameshamaliza kichwani: tofauti ni 16, na kwa uwiano wa 3:1 tofauti hiyo ni mafungu mawili, kwa hiyo mtoto alikuwa na miaka 8 na baba 24.

“Hiyo ilishapita, mjomba,” alisema. “Miaka minne nyuma.”