Siku moja chini ya jahazi: kazi ya kalafati niliyoachiwa na baba

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka, nasali kwenye msikiti alikoadhini marehemu baba miaka na miaka bila kudai senti, nakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, nabeba kikapu cha vyombo na kuteremka pwani. Ninaishi Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Kazi yangu ni kalafati.

Nieleze kidogo, maana hata hapa kwetu wapo wanaoiona kalafati kuwa kibarua cha mtu aliyekosa kazi. Jahazi huundwa kwa mbao, na kati ya ubao na ubao hubaki mwanya. Mbao zikikaa majini huvimba, zikikaa juani husinyaa, kwa hiyo mwanya ule hautulii. Sisi tunaushindilia pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, kwa nyundo na chembeu, patasi yetu, kuanzia gubeti, yaani mbele, hadi fashini, yaani nyuma, pande zote mbili. Mpita njia hutazama mlingoti, hutazama tanga, huuliza nani kaliunda jahazi hili. Sijasikia mtu akiuliza nani kalikalafati. Baba alikalafati majahazi, mashua na madau ya pwani hii tangu ujana wake hadi mikono ilipokataa, na jina lake halikuandikwa ubavuni mwa chombo hata kimoja.

Saa kumi na mbili na nusu. Kusokota pamba na kuiloweka mafuta ya nazi, mimi na mtoto wa dada yangu anayejifunza kazi. Saa mbili tuko chini ya chombo, kimegadimiwa, yaani kimeegemezwa kwa miti, juu ya mchanga, nyundo zinalia.

Saa tatu akafika mwenye chombo. Simtaji jina, ni mtu wa heshima zake, na haraka yake ilikuwa na sababu. Vyombo vikubwa hupandishwa na kushushwa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ndipo maji hujaa hadi juu kabisa. Bamvua ikikupita, yanakuja maji mafu, na jahazi lako linabaki mchangani wiki mbili hivi likikutazama.

“Fundi, hujamaliza tu?”

“Bado, Ami. Kulia tumemaliza. Kushoto tuko ubao wa nne kutoka mkukuni.” Mkuku ni mti mkuu wa chini, uti wa mgongo wa chombo.

“Mimi nilikwambia panapovuja ni pale mbele. Piga pale, basi.”

Nikatoka chini, nikajipangusa mchanga, nikamweleza. Maji hayaingii pale unapoyaona. Huingia nyuma, yakafuata mataruma, mbavu za chombo, kwa ndani, yakajitokeza mbele. Ukiziba unapopaona umeziba njia ya kutokea, mlango umeuacha wazi. Akanisikiliza, akaondoka. Nikadhani yamekwisha.

Akarudi na mrija wa gundi, ile wanayozibia vioo vya madirisha. Kabla sijasema neno alishapiga magoti gubetini anaikamua. Nikamshika mkono kwa adabu. Nikamwambia gundi ile haitashika, na mbao zinasogea. Safari ya kwanza ya mawimbi ya kusi itabanduka. Akampigia simu mshirika wake, akaniwekea simu sikioni nibishane na mtu ambaye hajakiona chombo tangu kipandishwe. Tukabishana. Jua limeshapanda, mafuta yanayeyuka, pamba iliyosokotwa inaanza kushika mchanga. Mwisho akasema neno lililoniuma: “Babako asingenicheleweshea chombo hivi.”

“Ami,” nikamwambia, “baba ndiye angekuchelewesha zaidi.”

Na ndivyo alivyokuwa. Nilipokuwa mdogo nilimwona akichomoa pamba ya ubavu mzima aliyokwisha kuipiga, kwa sababu mlio haukumridhisha. Pamba isipokaa, nyundo hutoa mlio mzito, wa kufa. Ikikaa, mlio hupaa na ubao wote huitika. Nahodha wa jahazi lile alikosa bamvua, akapiga kelele pwani nzima. Baba hakumjibu. Alipomaliza alikataa malipo ya zile siku za nyongeza, na nahodha yule hakupeleka tena chombo chake kwa fundi mwingine.

Mwenye chombo akanyamaza. Kisha akasema, “Haya, endelea,” akaketi kivulini, na hadi adhuhuri akawa anauliza kila tunapohama ubao.

Baada ya sala na wali wa papa, saa zilinipotea. Huu ndio muda mgumu: mbao za karibu na mkuku. Unalala chali mchangani, unapiga nyundo kuelekea juu, vumbi la mbao na pamba kuukuu linakuangukia machoni, bega linawaka moto. Huwezi kugeuka, nafasi haitoshi. Mpwa wangu akaniuliza, “Mjomba, babu alifanyaje hii akiwa mzee?” Nikamjibu: kwa Qur’ani. Baba alisoma huku anapiga, sauti ya chini, nyundo ikishika pumzi yake. Aliipenda Sura ya 54, aya ya 13, inayosema Nabii Nuhu alichukuliwa kwenye chombo cha mbao na misumari. Alisema Mwenyezi Mungu angeweza kukitaja chombo kwa jina lake tu, lakini ametaja mbao, ametaja misumari, ametaja vitu vya mikononi mwetu. Kwake hiyo ilikuwa heshima kuliko cheo chochote cha serikali.

Pamoja na hivyo, hakudharau vyombo visivyo na misumari. Alinichukua mara moja hadi mjini, Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho, kunionyesha mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba za nazi. Tulizunguka ule mtepe hadi miguu ikaniuma. Alikuwa anainama, anafuata mshono kwa macho, anarudi nyuma, anainama tena. Desemba 2020, jumba lile lilipobomoka sehemu, habari ilimkuta amekaa barazani na redio yake. Siku hiyo hakucheza bao.

Hilo wanaomjua wataelewa uzito wake. Bao lake alilichonga mwenyewe kutoka kipande cha mvule kilichobaki kwenye chombo, mashimo 32, na kete 64 za komwe alizochagua moja moja. Kila jioni baada ya alasiri alikuwa kwenye mkeka, na alichezea nyumba yake, lile shimo kuu la bao, kwa subira iliyowatoa wenzake jasho. Hata miaka ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kushika nyundo, mkeka aliuhamishia karibu na pwani. Anacheza, sikio liko kwangu. Mara mjukuu anakuja mbio: “Babu anasema ubao wa tatu, rudia.” Nikirudia, nakuta kweli pamba imelegea.

Jua lilikuwa linazama tulipofunga mwanya wa mwisho. Nikamwaga ndoo za maji ndani ya chombo kama alivyokuwa akifanya baba, tukatambaa kwa nje na kurunzi, ubao kwa ubao. Kukavu. Mwenye chombo akapitisha kiganja kwenye mbao, akakitazama, akanilipa bila kupunguza, na akaongeza ya mpwa wangu. Fungu la msikiti nimelitenga, kawaida ya baba kwa kila chombo.

Sasa ni saa nne usiku, mkono haukunjiki vizuri, naandika kwa dole gumba. Alfajiri tunapaka deheni ya chokaa na shahamu chini, na sifa, yaani mafuta ya papa, juu. Maji yatajaa saa kumi jioni. Tutasoma “Bismillahi majraha wa mursaha”, maneno ya Nabii Nuhu ya kupandia chombo, kisha tutalisukuma. Jahazi ni zito na magogo yetu ni machache, hivyo aliye Nungwi na jirani zake asiache kuja kuvuta kamba. Chai na mandazi vipo.