Nilivyoingia jogingi ya Jumamosi Dodoma bila jezi wala mwenyeji

Nilipohamia Dodoma kutoka Dar mwezi Julai, ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu jogingi za huku uliniudhi, maana aliyenipa hajawahi kukimbia na kundi hata siku moja. "Nunua jezi yao kwanza, bila jezi watakurudisha." Jezi ni elfu kumi na tano, ishirini, inategemea kitambaa. Hakuna anayerudishwa. Jogingi ya mtaa ni bure, mgeni anapokewa na fulana yoyote, na kama kuna mchango ni buku la maji, tena kwa hiari. Jezi utanunua ukishajua kwamba wewe ni mtu wa kuamka.

Kinachomshinda mgeni si jezi, ni kulipata kundi lenyewe. Zile mbio za bure za kilomita 5 ziitwazo parkrun, zilizoanzia Bushy Park, London, mwaka 2004, zina njia inayojulikana na kila mtu huandikiwa muda wake mwishoni. Jogingi ya kwetu haina saa wala mshale wa kuonyesha njia. Kundi ndiyo njia. Likishaondoka, umebaki na kiwanja kitupu.

Jumamosi ya kwanza niliambiwa "saa 12 kamili, kiwanjani, eneo la Kisasa". Nikafika saa 12 na dakika tano. Giza totoro, hakuna mtu. Hapa kuna jambo ambalo watu wa Dar hatulifikirii: Dodoma iko magharibi zaidi kwa nyuzi tatu na nusu hivi za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Kwa hiyo kunapambazuka karibu robo saa baada ya Dar, wakati saa zetu za ukutani ni zilezile. Julai jua linachomoza kama saa 12:45. Saa ile ambayo Dar unaanza kuona weupe upande wa bahari, hapa bado unahitaji tochi. Na "saa 12 kamili" ni saa ya kuondoka, si ya kukusanyika. Kukusanyika na kunyoosha viungo ni saa 11:40. Mwenyeji hakutajii hilo kwa sababu kwake ni kama kukwambia uvae viatu.

Jogingi hukimbia ikiimba. Nikasikia wimbo kwa mbali, nikaufuata. Usiufuate wimbo gizani. Upepo wa Dodoma mwezi huo hauna huruma, unaibeba sauti kutoka upande mmoja na kuta za nyumba zinairudisha kutoka upande mwingine. Nilikwenda kilomita nzima nikiamini nawakaribia, kumbe wao walikuwa wanazunguka kushoto kwangu. Nikakata njia kwenye uwanja wa wazi ili niwazibe mbele, nikaingia kwenye mbigili. Ambaye hajakutana nazo azijue: ni vijimbegu vikavu vyenye miba inayotazama kila upande, hata vikianguka vipi lazima mwiba mmoja uelekee juu. Soli laini ya kiatu cha mbio zinaichoma kama zinavyochoma tairi la baiskeli. Nikasimama kwa mguu mmoja gizani nang'oa, huku wimbo ukiyeyuka.

Nilipopata lami tena nikaongeza mwendo ili nifidie, dakika sita kwa kilomita, mwendo wangu wa Dar. Baada ya dakika kumi kifua kiliwaka na mdomo ulikauka kama nimelamba unga. Mji huu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila unapovuta pumzi unapata oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Mapafu hayana kosa. Wiki mbili au tatu za kwanza punguza mwendo, ongeza nusu dakika kwa kila kilomita, mwili utajirekebisha wenyewe. Mimi siku ile nilirudi nyumbani natembea.

Ila sikukubali. Ijumaa iliyofuata jioni nilirudi kiwanjani kukiwa bado kweupe, na ndipo nilipopata mbinu ambayo sasa nampa kila mgeni, bure kama jogingi yenyewe. Usimuulize mkimbiaji kundi linaanzia wapi. Muulize muuza supu linaishia wapi. Kila jogingi inamalizikia karibu na supu, na mpika supu anajua ratiba yao kuliko kiongozi wao, maana anapima nyama kwa idadi yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Supu mpaka kesho."

"Nawatafuta wale wanaokimbia Jumamosi."

"Ahaa. Wanatoka hapo kwenye mti, wanarudi hapa saa moja na nusu. Wakitokea ile barabara ya chini wanakuwa wengi, wakitokea juu ujue wamekimbia ndefu."

Nikapita pia kijiwe cha bodaboda pale kona. Vijana wale wanaijua njia kwa sababu kila Jumamosi kundi linawazibia. Mmoja alinichorea kwa kijiti mchangani: lami mpaka mnara wa simu, kulia kwenye barabara ya vumbi, korongo, kupanda kidogo, kurudi. Kwa makadirio kilomita saba. Kwa elfu mbili alinizungusha yote, na ile safari ilikuwa na thamani kuliko jezi kumi. Niliona penye mchanga laini korongoni, penye kokoto, na wapi wanavuka barabara ya malori.

Ukiwa na taarifa hizo mbili, hata ukichelewa hujaachwa. Usilifukuze kundi kwa nyuma. Nenda mwisho wa njia, kisha ikimbie kinyume, utakutana nalo uso kwa uso. Geuka, jiunge nyuma, itikia wimbo. Nimeshaitumia mara mbili tangu pale, na mara zote nilikuwa ndani ya kundi chini ya dakika kumi na tano.

Jumamosi ya pili nilifika saa 11:35. Nikawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", wakaitikia kwa shangwe, na hakuna aliyeuliza jezi. Jitambulishe kwa kiongozi mwenye filimbi, mwambie ni mgeni na kilomita ngapi unaziweza. Yeye ndiye anayeamua kama leo wanakwenda ndefu, na atakupangia mtu wa kukaa naye. Kaa safu ya katikati: mbele ni kwa wanaoijua njia, nyuma kabisa vumbi lote ni lako. Mwendo upime kwa wimbo. Ukiweza kuitikia kila mstari bila kukatika uko sawa. Ukianza kuruka kiitikio, punguza kabla hujalazimishwa. Nauamini wimbo kuliko saa yoyote ya mkononi.

Hewa ya huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unadhani hujapoteza maji. Nakunywa nusu lita nikiamka, na mengine nayaacha kwa mama wa supu. Mafuta ya mgando kidogo ndani ya pua na mdomoni, la sivyo vinapasuka. Asubuhi ya Julai ni nyuzi 14 au 15 hivi, na upepo juu yake: vaa ya mikono mirefu ambayo utaifunga kiunoni baada ya kilomita mbili. Viatu vya soli ngumu kidogo. Koleo dogo kwa ajili ya mbigili, na zing'oe nje, kabla hujazipeleka kwenye zulia la watu.

Kwenye kuvuka barabara ya Dar es Salaam hakuna mjadala. Kundi linasimama, mwenye kibendera anaingia kwanza, wote tunavuka pamoja. Lori lililopakia haliwezi kusimama kwa ghafla hata dereva akikuona. Nilimwona mgeni mwenzangu akitaka kuwahi peke yake, kiongozi akampigia filimbi na kumrudisha nyuma ya mstari. Alifanya vizuri sana.

Wiki ya nne kiongozi aliniuliza kama naweza kukaa nyuma, kuhakikisha hakuna anayeachwa kule korongoni, hasa wageni. Kazi hiyo inahitaji kizibao chenye reflekta, tochi na uvumilivu wa mwendo wa polepole. Kizibao nimeazimwa, tochi ninayo. Jumamosi hii ni zamu yangu, na Ijumaa jioni nitapita tena kwa yule mama kumwambia tutakuwa watu wangapi.