Saini iliyopitwa na tarehe

Jumatatu, chai haijapoa, mzee wa chama cha akiba akaingia kibandani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda. "Kijana, intaneti yako mbovu. Kwenye simu tovuti yetu inafunguka, hapa kwako inagoma."

"Keti kwanza, mzee."

Ruta yangu inauliza anwani za tovuti kwa 8.8.8.8, seva ya Google, ambayo tangu 2013 hukagua saini za DNSSEC, yaani mihuri ya kuthibitisha kuwa anwani haijachezewa, hata kama hujaomba. Nikaandika dig, amri ya kuulizia anwani: SERVFAIL, yaani seva imeshindwa kujibu. Nikajaribu 9.9.9.9 ya Quad9, seva nyingine ya aina hiyo: yaleyale. Nikaongeza +cd, yaani usikague, anwani ikatoka papo hapo. Aha! Basi 1.1.1.1 ya Cloudflare ikanimalizia kazi kwa kutaja na sababu, kosa namba 7: saini imekwisha muda. Tangu Jumamosi usiku! Fundi wao aliiwasha DNSSEC, kisha akaisahau.

Na simu ya mzee? Resolva, yaani seva ya kutafuta anwani, ya mtandao wake haikagui kitu, inameza inachopewa.

"Basi si bora hiyo isiyokagua?" akauliza. Swali lilinikera kidogo, maana si la kijinga. Nikamuuliza kama angemkabidhi pesa za wanachama karani asiyemjua, eti kwa sababu mlango uko wazi. Akacheka, akampigia fundi, akamfokea kwa Kisamia.

Saa kumi jioni tovuti ikafunguka. Mzee akanilipa shilingi 1,000 za kompyuta. Ushauri, inaonekana, ulikuwa wa bure.