Kamba ya springi na mkono unaoishika

Ukipita Lavington au Kileleshwa, hapa Nairobi, asubuhi kabla magari hayajajaa utawaona: vijana wa shamba, walinzi waliotoka zamu ya usiku, dada wa nyumba, kila mmoja na mbwa wa mwajiri wake. Siku hizi wengi wameshika kile kidude cha plastiki chenye mpini, ambacho kamba yake inatoka na kurudi yenyewe. Sisi tunaotembeza mbwa tunaiita kamba ya springi. Nawaandikia kwanza wenzangu wanaoishika, kisha waajiri wanaoinunua, kwa sababu mara nyingi hao ni watu wawili tofauti, na shida huanzia hapo.

Mwajiri huinunua dukani au huagiza kutoka nje. Ndani ya boksi mna karatasi ya maelezo. Watengenezaji wenyewe wameandika humo: usiguse kamba inapokimbia, usiizungushe kidoleni, usimpe mtoto, usiitumie kwa mbwa aliyezidi uzito ulioandikwa. Karatasi inabaki ndani ya nyumba, kamba inakabidhiwa mtu getini. Nimefundisha watu wengi kutembeza mbwa, na sijampata hata mmoja aliyeonyeshwa karatasi hiyo kabla hajaanza kazi.

Basi tuanze na ilivyo ndani. Kuna gurudumu lililozungushiwa kamba, na pembeni yake ukanda mwembamba wa chuma uliojikunja, ndiyo springi. Ni mfumo uleule wa kamba ya kuwashia jenereta. Mjerumani Manfred Bogdahn, aliyeanza kuzitengeneza kibiashara miaka ya 1970, alipata wazo lake kwenye kamba ya kuwashia msumeno wa injini. Mbwa akienda mbele, kamba inatoka na springi inakazika. Akirudi, springi inaikunja. Kidole gumba chako kinakaa juu ya kitufe cha breki. Ukikibonyeza, jino dogo linaingia kwenye gurudumu na kamba inasimama. Jino hilo mara nyingi ni la plastiki.

Sasa shika hili, maana wengi hulijua siku ya shida: springi haina nguvu ya kumrudisha mbwa. Inakunja kamba iliyolegea tu. Mbwa akiwa mita 5 mbele na anavuta, ukibonyeza breki umemzuia asiende mbali zaidi, basi. Bado yuko huko aliko, pengine katikati ya barabara. Kumrudisha kunataka ufundi: bana breki, vuta mpini nyuma hadi kiunoni, kisha achia breki huku ukiusogeza mpini mbele upesi ili springi imeze ulegevu ulioupata, halafu bana tena. Kila mzunguko unakupa kipande kifupi cha kamba. Fanya hivyo bodaboda ikiwa imepanda njia ya miguu na inakuja upande wako, uone kama utafika.

Kwa hiyo mtu hufanya kinachomjia kwanza: anaishika kamba yenyewe kwa mkono mtupu. Kijana mmoja wa nyumba ya jirani alikuwa na Rottweiler jike, mbwa mkubwa lakini mpole kabisa, paka akatoka kwenye mtaro. Kijana akaidaka kamba. Nilimwona muda mfupi baadaye akiwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, mkono wazi juu ya goti. Mstari ulikuwa umepita kutoka chini ya kidole cha shahada hadi kidole cha mwisho, mweupe katikati, ngozi imejisokota pembeni kama ganda la kitunguu. Damu ilikuwa kidogo sana, na hilo ndilo lililomdanganya akadhani si kitu. Mwajiri wake alimwambia hakuwa makini. Mimi nasema alipewa chombo bila kufundishwa, akafanya ambacho binadamu yeyote angefanya.

Kamba nyembamba ya duara ndiyo mbaya zaidi. Inakimbia kwa kasi, haionekani, na ikisugua ngozi inaunguza. Ikijipinda kwenye kidole huku mbwa anakimbia, inaweza kukikata. Ikipita nyuma ya magoti ya mtu aliyevaa kaptura, ni jeraha la moto. Ile ya mkanda bapa ina nafuu kidogo kwa kuwa inaonekana na haikati upesi, lakini nayo inaunguza.

Ikikutokea: maji safi baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno wala unga. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko huo uweke juu ya barafu, kidole chenyewe kisiguse barafu, na nenda hospitali palepale. Na kabla hujatoka getini, vua pete.

Kuna watakaosema natia chumvi. Marekani, ambako majeraha yanayofika hospitali yanahesabiwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuta kwamba kati ya 2001 na 2020 watu wazima wapatao 422,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa kuumia wakitembeza mbwa kwa kamba. Hesabu hiyo ni ya kamba za kila aina, si za springi peke yake, na sitaki mtu aitumie vibaya. Lakini jeraha lililoongoza lilikuwa kuvunjika kidole, na wengi walioumia walikuwa wanawake. Huko huko mwaka 2008 aina moja ya kamba za springi, zaidi ya laki mbili, iliondolewa sokoni kwa sababu kulabu ya chuma inayofungwa shingoni mwa mbwa ilikuwa ikikatika na kumrukia aliyeshika mpini. Wazia springi iliyokazwa na kilo 30 za mbwa, halafu upande mmoja unaachia. Chuma kinarudi kilikotoka, na kilikotoka ni usawa wa tumbo lako, au usawa wa uso wa mtoto aliyesimama karibu nawe.

Upande wa mbwa nao nauonea uchungu. Kwenye kamba ya kawaida ya mita moja na nusu, mbwa hana nafasi ya kuchukua kasi. Mpe mita 5 au 8, atafika mwisho akiwa mbioni kabisa, na breki au mwisho wa kamba unampokea kwa shingo. Koromeo la mbwa liko mbele tu, halina mfupa wa kulikinga. Mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier au Chihuahua, ambao baadhi yao huzaliwa na koo dhaifu, huanza kikohozi cha kukwaruza ambacho mwenye nyumba hudhani ni mafua. Daktari wa mifugo akiuliza wanamtembeza kwa kamba gani, ndipo mambo yanapojulikana. Kama ni lazima springi itumike, ifungwe kwenye hanesi, ile mikanda inayomzunguka mbwa kifuani, kamwe isifungwe kwenye kola ya shingoni.

Tena inamfundisha mbwa kuvuta. Kila akivuta anapata njia zaidi, na muda wote anahisi mkazo mdogo shingoni, kwa hiyo kwake kuvuta ndiyo hali ya kawaida. Halafu tunalalamika kwamba hana adabu.

Na mpini ukianguka? Japanese Spitz, wale mbwa wadogo weupe wa manyoya mengi, ndio wamejaa Nairobi, na ni mbwa wa kushtuka haraka. Mpini ukikuponyoka, springi inauvuta kumfuata mbwa, plastiki inagongagonga lami nyuma yake. Mbwa anadhani anafukuzwa. Anakimbia zaidi, nayo inamfuata zaidi. Nimemkimbilia mmoja hivyo hadi karibu na Gitanga Road, na kilichomwokoa ni mama muuza mboga aliyekanyaga mpini. Kamba ya kawaida isiyo na springi ikianguka inaburuzika kimya tu, na unaweza kuikanyaga mwenyewe.

Msitu wa Karura sheria inataka mbwa awe kwenye kamba wakati wote, na watu hudhani wakiwa na springi wametimiza. Mbwa aliye mita 8 mbele, nyuma ya kona, kwenye njia inayopita baiskeli, hajashikwa na mtu. Mwendesha baiskeli anamwona mbwa upande mmoja na wewe upande wa pili, haoni uzi mwembamba uliokatiza katikati. Na kima wakishuka mtini, hiyo breki yako itakuta mbwa ameshafika.

Mimi natumia nini? Mkanda wa nailoni wa mita moja na nusu, upana wa vidole viwili kwa mbwa mkubwa, kidole kimoja kwa mdogo. Si lazima ununue wa bei. Fundi wa mabegi anaweza kuushona: kitanzi cha mkono upande mmoja, kulabu ya chuma inayozunguka upande wa pili, na mwambie ashone mraba wenye msalaba ndani yake kila sehemu inapokunjwa, asipitishe mshono mmoja tu. Kulabu uichague mwenyewe, uifungue na kuifunga mara kadhaa, usikilize kama inajifunga kikamilifu. Mbwa akihitaji kukimbia na kunusa, mpeleke uwanja wenye uzio, au tumia kamba ndefu ya kawaida ya mita 10 isiyo na springi, iliyofungwa kwenye hanesi, nawe umevaa glavu za shamba.

Sisemi springi haina mahali kabisa. Mbwa mdogo, mtulivu, anayeitika akiitwa, kwenye nyasi wazi pasipo watoto wala magari, mkononi mwa mtu mzima aliyefanya mazoezi ya breki: hapo sawa. Lakini barabara zetu haziko hivyo. Njia ya miguu hapa inatumiwa na mkokoteni, bodaboda, wanafunzi, na mbwa wa mtaani wasiojulikana kama wamechanjwa. Wako akiwa mbali nawe, atakayeamua wanakutana vipi na hao mbwa wengine si wewe. (Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.)

Kama umepewa springi na huna la kufanya leo, ikague kabla hujatoka. Funga mwisho wa kamba mahali imara, rudi nyuma polepole hadi itoke yote, upitishe macho kote. Kipande cha mwisho karibu na kulabu ndicho huchakaa kwanza: nyuzi zinatoka nje, au kamba inakuwa ngumu kwa jua. Angalia uzito ulioandikwa kwenye plastiki. Ndogo kabisa hutengenezewa mbwa wa kilo 8 hivi, kubwa hufika kilo 50, na nimeona Boerboel, lile jibwa kubwa la ulinzi, akitembezwa kwa kamba ya Spitz. Jaribu breki kwa kuvuta kwa nguvu zako zote. Vumbi jekundu la huku linaingia kwenye meno yake, na siku moja breki inateleza. Ikinyeshewa, itoe yote ikauke kabla haijarudi ndani. Ukifika barabarani, ifunge ikiwa fupi na usiifungue hadi mfike mahali wazi. Mbwa mmoja kwa mkono, kamwe wasiwe wawili.

Najua kumwambia mwajiri si rahisi. Mtu anaogopa kuonekana mvivu, au kuambiwa mbona mwenzako hakulalamika. Usianze na mkono wako, anza na mbwa wake: "Mama, hii kamba inamkaba Simba shingoni, daktari anaweza kutuambia zaidi." Wengi husikia hilo upesi, na inaniuma kwamba ndivyo ilivyo, lakini njia inayoleta ule mkanda wa nailoni ndiyo ninayowapa. Na ninyi waajiri mnaosoma, msingoje kuambiwa. Toeni ile karatasi kwenye droo, isomeni pamoja na anayemtembeza mbwa, kwa lugha anayoielewa vizuri, na muulizeni yeye angependa kushika nini. Halafu asubuhi moja ishike mwenyewe, kutoka getini hadi James Gichuru Road na kurudi, saa ambayo mabasi ya shule yanapita.