Jinsi nilivyoilazimisha Ubuntu inipe Firefox ya deb

Tangu nianze kutumia Linux, washauri hawajanikaukia, na karibu wote huanza na "pakua": pakua faili hili, lifungue, libofye mara mbili. Sitaki. Programu zangu nazitoa kwenye repo, yaani ghala la programu mtandaoni, kwa kutumia apt, kisakinishi cha Ubuntu; nikiandika sudo apt upgrade zinasasishwa zote, naendelea na mambo mengine.

Mwaka 2022 nikahamia Ubuntu 22.04 (aina mojawapo ya Linux), na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Firefox ya humo haiji kama deb, kifurushi cha kawaida cha apt, bali huja kama snap, kifurushi kilichofungiwa kivyake kisiguse vya nje. Sasa mimi nywila zangu zote ziko KeePassXC, na kile kiongezi chake cha kwenye Firefox lazima kiongee na programu yenyewe iliyo nje. Wapi! KeePassXC iko wazi mbele ya macho yangu, nimeshaiwashia mpangilio wa brauza, kiongezi kinasisitiza hakiioni.

Ushauri ukamiminika. Mmoja kaniambia nipige chmod 777 folda yangu ya nyumbani, yaani yeyote aruhusiwe kusoma na kuandika humo. 777, jamani, folda yenye faili la nywila! Mwingine kanitumia amri ya curl inayomwaga skripti ya mtu nisiyemjua moja kwa moja kwenye sudo bash, iendeshwe kwa mamlaka yote ya kompyuta. Namuuliza inafanya nini, ananijibu: "We weka tu kaka, kwangu ilikubali."

Wa tatu ndiye aliyenila bando. "Futa snap, halafu sudo apt install firefox." Ikaingia akili. Nikafuta, nikaandika, apt ikafanya kazi bila kulalamika, halafu nikaona mstari unaosema inasakinisha snap ya firefox. Ileile niliyotoka kuifuta! Megabaiti kibao zikashuka upya. Kumbe deb ya firefox iliyomo kwenye repo ya Ubuntu ni ganda tupu, kazi yake ni kukuletea snap.

Basi nikaongeza PPA (repo ya nyongeza) ya timu ya Mozilla, ppa:mozillateam/ppa, ambayo ina deb ya kweli. Nikasakinisha. Ganda likashinda tena.

Hapo nikaacha kuuliza watu nikaiuliza apt yenyewe: apt policy firefox. Raha iliyoje! PPA inaleta toleo la 100 na kitu, Ubuntu inaleta 1:1snap1-0ubuntu2. Ile "1:" ya mwanzo ndiyo yenye fitina, maana apt huisoma kabla ya namba nyingine yoyote. Firefox ifike hata toleo la 500, bila "1:" mbele yake itashindwa na ganda.

Dawa ni faili dogo la kipaumbele ndani ya /etc/apt/preferences.d/, mistari mitatu tu:

Package: *
Pin: release o=LP-PPA-mozillateam
Pin-Priority: 1001

Repo za kawaida zina kipaumbele 500. Ukifika 1000 kwenda juu, apt inakubali hata kushusha toleo, na kwa macho yake ndicho unachofanya. Ikaniuliza kama kweli nataka kushusha. Nikabonyeza Y kwa kidole kizito. Firefox ikafunguka, nikabofya kuunganisha, na KeePassXC ikaomba niupe muunganisho jina. Nikauita "hatimaye".

Mdogo wangu naye alitaka, ila bando lake limekata. apt hufuta deb ikishamaliza kusakinisha, kwa hiyo niliishusha upya kwa apt download firefox, nikamwekea kwenye flashi pamoja na lile faili la mistari mitatu, na kumwambia akipata bando aongeze PPA, maana bila hiyo faili halifanyi kitu. Laptop yake ni Ubuntu ileile. Ingekuwa toleo jingine nisingethubutu.

Tangu 2024 Mozilla wana repo yao wenyewe ya deb, nami nimehamia huko. Ufunguo wake wa kuthibitisha vifurushi unakaa /etc/apt/keyrings, na mstari wa Pin unakuwa origin packages.mozilla.org. Ganda la Ubuntu bado lipo na "1:" yake, kwa hiyo faili la kipaumbele usiliache.